Namba Aliyoiandika Dastan

…maana ikishafutwa hairudi, Minza aliwaza, macho yameganda kwenye kioo cha kompyuta ya dirishani, na Shija, mdogo wa marehemu mumewe Dastan, mkono uko kwenye kipanya, anamweleza tena taratibu kwamba kile kidude kipya cha intaneti kutoka Mwanza kinagawa namba chenyewe, mashine ikiwashwa inaomba, inapewa, inaingia kwenye intaneti, haihitaji mtu, zile mashine mbili zimeshakubali, hii tu imegoma kwa sababu bado imeshikilia namba aliyoiandika kaka kwa mkono wake, "Sasa shemeji, niifute?"… haihitaji mtu, ndivyo alivyosema, na nje malori ya pamba yanapita kwenda kwenye kinu cha mnunuzi mmoja mgeni, msimu kama huu ndipo Dastan alirudi kutoka Malampaka na begi lake, chama cha ushirika hoi, makarani wamepunguzwa, naye akiwemo, wanunuzi binafsi wamekuja na mizani yao na watu wao, wala hakulalamika, alisema Bariadi nzima itataka barua pepe kama inavyotaka chumvi, akafungua chumba hiki cha intaneti, akaleta mashine tatu zilizotumika, akakaa hapo hapo alipokaa Shija, akiandika namba kwa kidole kimoja kama karani anayejaza stakabadhi, kila mashine na yake, na Minza nyuma yake ameshika beseni la maandazi, anauliza, hizo namba unazitoa wapi, nifundishe na mimi, naye bila kugeuka, "Nitakufundisha, siku zipo"… siku zipo… kisha kifua, kisha hospitali, kisha makaburini Ngulyati, udongo mweusi wa mbuga umenata kwenye viatu vya waliombeba, na matanga hayajaisha mashine zikagoma, hakuna aliyejua pa kuanzia, mama mkwe, Nyanjige, akasema mbele ya watu, mwanangu alimficha mkewe kazi, lazima alikuwa na sababu, na Minza akalimeza neno hilo, likakaa tumboni miezi yote, kila akifagia chumba hiki anamuuliza Dastan wa kwenye picha ukutani, ulinificha nini, uliniona mjinga, au kuna mwingine uliyemfundisha… "Shemeji?"… Shija anasema hana haraka, afikirie tu, naye anaitazama ile namba, tarakimu na nukta zake, imenyooka, haina wasiwasi, na ghafla anaona, mtu anayejua ataondoka haandiki hivi, angemwita mkewe, angemkalisha, huyu aliandika kama mtu ambaye kila asubuhi atakuwepo kuziwasha mashine, hakuficha kitu, alidhani ataendelea kuwepo, masikini Dastan, hata pale kitandani, pumzi inakwama, alimwagiza anunue rangi ya bluu, akitoka wiki ijayo apake kibao cha nje upya, rangi ya bluu, mtu wa kufa anaagiza rangi… na yeye Minza amemlilia kwa meno yaliyokazwa, kama anayelilia ng'ombe aliyeibwa, hata siku moja hajamlilia Dastan mwenyewe… Shija bado anasubiri, kidole juu ya kipanya, namba bado ipo, lori jingine linapita na dirisha linatetemeka, Minza anaweka kiganja kwenye kioo cha kompyuta, kina joto, na anasema kwa sauti ndogo, "Ngoja kwanza, Shija, nimlilie kaka yako."