Mtu wa Kawaida wa Kuazima

Mpishi wa shule alifika hospitali asubuhi na mapema, tumbo tupu kama alivyoagizwa, akakaa kwenye benchi la mbao kando ya mlango wa maabara. Kila mwaka, kabla shule haijafunguliwa, wapishi wote hupimwa damu, na kila mwaka yeye hutoka na karatasi safi akaenda zake kupika. Mwaka huu karatasi ilitoka na nyota. Ilikuwa nyota ndogo ya wino mweusi, mwishoni mwa mstari wa sita.

Daktari aliisoma damu bila kumtazama mwenye damu.

"Mwisho wake ni arobaini," alisema. "Wewe una arobaini na tatu."

"Arobaini na tatu za nini, daktari?"

"Ni kitu kinachotoka kwenye ini. Au kwenye misuli. Kimezidi kidogo tu, usiwe na wasiwasi."

"Kwa hiyo siumwi?"

"Sijasema hivyo."

"Basi naumwa."

"Hilo nalo sijalisema, mama."

Watu husomeshwa miaka mingi ili waweze kutoa jibu la namna hiyo bila kucheka. Mama mzazi wa mpishi alikufa kwa ini; macho yake yalianza kugeuka manjano msimu wa mvua, na mvua ilipokatika walikuwa wameshamzika. Mpishi aliogopa. Aliogopa hasa, akashika ukingo wa meza na asiinuke kitini. Daktari alidhani ni njaa, akamwambia aende akanywe chai.

Kwa wenye nyota ndogo, hospitali ilikuwa na utaratibu wake. Mwenye nyota kubwa hulazwa. Mwenye nyota ndogo huazimwa Mtu wa Kawaida, akaondoka naye kwenda nyumbani ajilinganishe naye mwezi mzima, kisha warudi wote wawili kupimwa. Mpishi alitia sahihi dirishani, akakabidhiwa wa kwake: mwanamume wa makamo, si mrefu si mfupi, shati la kijivu, kucha zimekatwa. Mlinzi wa getini alimkagua mifuko, akawafungulia. Njiani waliosalimiana naye walijibiwa "sijambo", na pengine ndiye mtu pekee katika mji ule aliyelisema neno hilo bila kudanganya.

Mumewe mpishi alikuwa dereva wa lori, yuko safarini, kwa hiyo nyumbani walimkuta mama mkwe na watoto wawili. Mama mkwe alimpima mgeni kwa macho, juu hadi chini.

"Nani huyu?"

"Ni wa hospitali, mama. Ndiye ninayetakiwa kufanana naye."

"Mbona hana lolote?"

"Ndiyo kazi yake."

Mama mkwe akaridhika, akampa kiti. Mtu wa Kawaida alikula sahani moja, hakuongeza, hakubakiza. Wenzake walipocheka alicheka, na aliacha kwa wakati unaofaa. Usiku alilala kwa muda wa saa nane kamili bila kukoroma. Mama mkwe, ambaye maishani mwake hakuwahi kumsifu kiumbe ambaye hakumzaa yeye, alianza kusema, "Mwone mwenzio." Mwenzio hapigi miayo. Mwenzio akikohoa, anakohoa mara moja yakaisha. Mpishi alikuwa anaishi na mama mkwe mwaka wa kumi na moja huu na hakujua kwamba kumbe kukohoa nako kuna kushinda.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alipewa mwiko, tena wa mwenyeji wake. Siku ya tatu msimamizi wa jiko la shule alikuja mwenyewe, akakaa ukingoni mwa kiti kama watu wanaoleta habari wasizotaka kuzijadili.

"Mwenye nyota haruhusiwi kugusa sufuria," alisema. "Lakini huyu hapa damu yake ndiyo kipimo chenyewe. Tukimkosa huyu tutampata nani?"

"Anajua kupika?" aliuliza mpishi.

"Kawaida."

Mtu wa Kawaida akaenda jikoni, na mshahara nao ukamfuata. Maharage yake hayakusifiwa wala hayakumwagwa. Mpishi alibaki nyumbani, na kila asubuhi alivuta kope mbele ya kioo akitafuta manjano. Mumewe alipopiga simu kutoka barabarani akauliza wamesemaje hospitalini, alimjibu kwamba wamesema kidogo. Kidogo nini? Hawajasema.

Jioni moja, Mtu wa Kawaida akiwa anakunja aproni, mpishi alimuuliza.

"Wewe walikupataje?"

"Walichukua watu ishirini wenye afya, wakawapanga kwa damu zao. Mmoja wakamwacha nje ya mstari. Mimi nimetokana na waliobaki."

"Huyo waliyemwacha alikuwa na ugonjwa gani?"

"Hakuwa nao. Ila mstari lazima upite mahali."

Akanywa maji ya kiasi, akaenda kulala. Mpishi alikesha. Asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni kwa daktari, akamuuliza kuhusu mstari huo.

"Ndiyo, ni kweli," alisema daktari. "Hapa kila mtu anajua."

"Mbona hamkuniambia?"

"Foleni, mama. Tukimweleza kila mtu, tutatoka hapa saa ngapi? Haya, kabla ya kupimwa ulibeba kitu kizito?"

"Magunia ya mchele. Tulikuwa tunahamisha stoo."

"Basi huenda ni magunia. Misuli ikichoka nayo hupandisha."

"Ungeniuliza siku ile."

Daktari alikubali kwamba lilikuwa swali zuri, akaita anayefuata.

Mwezi ulipotimia walipimwa wote wawili. Mpishi, aliyepumzika asivyopenda, alikuwa na thelathini na moja. Mtu wa Kawaida, aliyeshinda akibeba magunia na masufuria, alikuwa na arobaini na sita. Hakuna aliyeshtuka. Mtu wa Kawaida hawezi kuzidi kawaida, kwa hiyo maabara ilisogeza mstari kumfuata: mwanzo thelathini na tano, mwisho hamsini. Karatasi ya mpishi ilitoka na nyota yake, safari hii ya upande wa chini.

"Wewe ni mzima kabisa," daktari alimwambia, na kwa mara ya kwanza alimtazama usoni. "Ini lako halina neno. Nyota ni ya karatasi tu."

"Na jikoni wanasoma nini?"

"Karatasi."

Msimamizi aliisoma, akasikitika, akampa pole. Mwiko ulibaki ulipo.

Mpishi alirudi nyumbani analia, na mwenyewe hakuweza kusema kilio kipi ni cha furaha ya ini na kipi ni cha hasira. Mama mkwe alimpokea mlangoni.

"Wamekukuta na nini?"

"Hawakunikuta na kitu, mama. Mimi ni mzima."

Mama mkwe alichungulia nje, akafunga mlango, akashusha sauti.

"Basi lisitoke humu ndani, mwanangu. Majirani nimeshawaambia unaumwa, na wanakuonea huruma. Mzima asiyekwenda kazini tutamwelezaje?" Akatandika shuka, akapiga piga mto. "Njoo ulale, nikufunike."

Mpishi alivua viatu, akalala.