Mikizi ya Katibu wa Mtaa

Wagdi Abu Senna alihamia Maadi, kitongoji cha watu wa hadhi, akiwa na miaka arobaini na sita, na kabla hajafungua maboksi yote alikuwa ameshasema uongo. Haukuwa uongo mkubwa. Madamu Shahira, mjane wa balozi, aliyekaa nyumba ya pili, alimsimamisha chini ya mjakaranda akamwuliza kwa upole, "Na nyie asili yenu ni wapi, mhandisi?" Wagdi akajibu, "Mansura." Kisha, kwa kuwa jibu lilimpwaya mdomoni, akaongeza, "Tulikuwa na mashamba."

Mashamba hawakuwa nayo. Walikuwa na mapipa. Baba yake, na babu yake kabla ya baba, walikuwa wavundika samaki, mikizi ya chumvi, wa Nabaroh, mji ambao ukiutaja popote Misri, msikilizaji hushika pua kwanza ndipo acheke. Wagdi alikulia kati ya mapipa hayo. Akasoma uhandisi, akawa mkaguzi wa lifti katika kampuni moja ya bima mjini, akaoa mwanamke mwenye akili kumzidi, na baada ya miaka ishirini ya kudunduliza wakanunua nyumba ya chini yenye kibustani kwenye mtaa ambao matawi ya miti ya pande mbili yalishikana juu kama watu wanaoamkiana.

Hapo Wagdi akajitia kuwa mtu wa miti. Alinunua kofia ya ukindu na mkasi wa kupogolea. Alijifunza kuongea polepole, maana aligundua kwamba watu wa Maadi hawainui sauti hata wakigombana. Hugombana kama wanaosomeana barua. Asubuhi alikwenda stesheni kwa miguu, gazeti kwapani, akapanda treni ya chini ya ardhi kwenda mjini kukagua lifti, na jioni aliporudi aliamkia kila mti kwa macho. Mwaka wa pili, katibu wa kamati ya mtaa alipohamia Kanada, Wagdi akapendekezwa. Alikataa mara mbili kwa heshima na mara ya tatu akakubali haraka kabla hawajabadili mawazo.

Siku tisa kabla ya Shamu Nasimu, sikukuu ya kunusa upepo wa masika, simu ililia. Alikuwa shangazi yake Tafida, kutoka Nabaroh.

"Mwaka jana hukuja," alisema shangazi. "Mwaka juzi hukuja. Basi mwaka huu samaki watakuja wenyewe."

"Shangazi, usijisumbue."

"Nimeshajisumbua. Wako kwenye basi. Nenda kawapokee, na usiwalaze kifudifudi."

Wagdi angeweza kumwachia kondakta wa basi bati lote la samaki akaenda zake. Lakini ukweli ni kwamba alipolisikia neno "samaki", mate yalimjaa kinywani hata akashindwa kuaga vizuri. Miaka miwili alikuwa hajaonja fesikh, mikizi iliyovundikwa kwa chumvi. Kwenye karamu za Madamu Shahira waliandaa jibini na zabibu.

Alilipokea bati kituoni, bati la samli lenye mikizi kumi na minne iliyovundikwa hadi nyama ikawa laini kama siagi, akalifunga kwa koti lake na kupanda nalo treni. Stesheni ya kwanza watu walisogea kidogo. Stesheni ya tatu alikuwa na benchi peke yake. Mama mmoja mnene aliyebaki upande wa pili alimtazama kwa huruma ya mtu anayejua.

"Baba, hao ni wa Nabaroh?"

"Sijui," alisema Wagdi. "Nimepewa nibebe tu."

"Mungu akuhifadhi na mzigo wa watu," alisema yule mama, akacheka hadi kituo chake.

Nyumbani, mkewe Ibtihal alisimama mbele ya friji kama askari wa mpakani. "Hapa haliingii."

"Ni siku tisa tu."

"Siku tisa maziwa yangu yatakuwa yanaongea. Lipeleke bustanini."

Bustanini kulikuwa na kibanda cha majembe, kimeegemea uzio wa majani uliopakana na Madamu Shahira. Wagdi akalitia bati humo. Na hapo ndipo lingekaa salama mpaka sikukuu, kwa sababu shangazi Tafida alikuwa amelifunga kwa ustadi wa miaka sitini, kama Wagdi asingepata wazo la kuhakikisha tu. Alichukua bisibisi akakibandua kifuniko. Akahakikisha kwa kidole. Akahakikisha mara ya pili kwa kipande cha mkate. Alipomaliza kuhakikisha, kifuniko kilikuwa kimepinda, hakikai. Akalifunika bati kwa mfuko wa plastiki, akaweka tofali juu, akaenda kulala akiwa mtu mwenye furaha kuliko wote Maadi.

Kesho yake khamsini ikavuma, ule upepo wa jangwani unaoleta joto na vumbi jekundu. Kibanda kikawa tanuri. Kufika adhuhuri ujumbe wa kwanza ukaingia kwenye kundi la simu la mtaa. Aliuandika Brigedia mstaafu Midhat: "Kuna harufu. Naomba taarifa." Ukafuata wa Madamu Shahira: "Nimefunga madirisha yote. Ni kama kitu kimekufa, tena zamani." Watu kumi na mmoja wakakubaliana naye.

Wagdi alizisoma jumbe hizo akiwa juu ya lifti moja mjini, mikono imejaa grisi. Hadi leo akisimulia hupenda kusimama hapa, akasema kwamba nafasi ya kuwa mwanamume ilimjia pale pale, kwa sentensi nne tu: ni samaki wangu, samahanini, nawaondoa, karibuni sikukuu. Badala yake akafuta grisi kwenye suruali akaandika: "Ndugu majirani, suala limepokelewa. Inaelekea ni chemba ya majitaka. Ofisi ya katibu inalifuatilia."

Ofisi ya katibu ilikuwa ni yeye na kofia yake.

Alipanga jioni hiyo hiyo alihamishe bati kimyakimya, na harufu ikiisha aseme chemba imezibuliwa. Lakini alipofika nyumbani alimkuta Madamu Shahira langoni, na pembeni yake mafundi wanne wenye sururu na makoleo.

"Nimekutafutia watu," alisema Madamu. "Najua uko na shughuli nyingi. Huyu ni Fundi Gaber, wanasema pua yake haikosei."

Fundi Gaber alikuwa mfupi, mwenye masharubu ya kutosha watu wawili. Alifunua chemba ya kwanza, akachungulia, akavuta pumzi. Akafunua ya pili. Kisha akainua uso, akageuza kichwa taratibu kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa mbali, akamtazama Wagdi.

"Mhandisi, tuongee pembeni."

Wakaenda nyuma ya mjakaranda.

"Chemba zako ni safi. Unaweza kunywea chai," alisema Fundi kwa sauti ya chini. "Hii ni fesikh. Tena si ya dukani. Hii imetoka mkononi mwa mtu."

Wagdi aliangalia viatu vyake.

"Ya nani?" aliuliza Fundi.

"Ya shangazi yangu."

"Mungu ampe umri. Sasa unanitaka nichimbe, au nisichimbe?"

"Chimba kidogo," alisema Wagdi. "Kwa ajili ya macho ya watu. Halafu useme umezibua."

"Nitachimba. Lakini mdomo wangu, mhandisi, ni mzito kuufunga ukiwa mtupu."

Wakakubaliana mikizi miwili. Ingekuwa Madamu Shahira ameingia ndani, mambo yangeishia hapo. Lakini aliletewa kiti, akakaa kando ya shimo na mwavuli wake, na kila Fundi Gaber alipotaka kuacha aliuliza, "Ndiyo mwisho huo?" Mtu hawezi kujifanya anatafuta kitu mbele ya mjane wa balozi bila kwenda chini. Wakaenda mita moja. Wakaenda mita moja na nusu. Hapo sururu ya kijana mmoja ikagonga bomba la maji safi, na maji yakaruka hadi kwenye matawi, yakanyesha juu ya mwavuli, yakateremka mtaani yakichukua maua ya zambarau.

Nyumba sita zilikosa maji siku mbili. Na harufu, bila shaka, ilikuwa pale pale, maana Wagdi hakupata nafasi ya kuligusa bati. Kila alipokwenda bustanini palikuwa na jirani mlangoni mwake, ndoo mkononi, akimwuliza ofisi ya katibu inasemaje.

Siku ya tatu kamati iliitwa nyumbani kwa Madamu Shahira. Walikaa barazani, leso puani. Brigedia Midhat ndiye aliyeleta jibu.

"Nimefanya uchunguzi wangu," alisema. "Chemba ni safi. Basi harufu ina mwenyewe. Mimi nasema ni Hanafi."

Hanafi alikuwa mpiga pasi, mwenye kijumba cha mbao pembeni mwa gereji ya nyumba ya kona. Miaka kumi na tisa alikuwa akinyoosha mashati ya mtaa mzima, na alijua ukubwa wa shingo ya kila mwanamume wa mtaa ule na nani aliyenenepa.

"Analala mle, anapika mle," Brigedia aliendelea. "Nani anajua anamwaga nini? Napendekeza tumpe barua aondoke kabla ya sikukuu. Katibu aiandike."

Wenzake wakatikisa vichwa kukubali, si kwa ukali, bali kwa ile huruma nyepesi ya watu ambao mashati yao yatanyooshwa na mwingine. Kalamu ilikuwa mkononi mwa Wagdi. Aliandika tarehe. Aliandika "Kwa ndugu Hanafi". Kisha akaomba radhi kwamba anaumwa kichwa, ataimalizia nyumbani.

Ibtihal aliisoma ile mistari miwili juu ya meza ya jikoni.

"Utaimaliza?"

"Nilikuwa nafikiria labda aondoke kwa muda tu, mpaka tukishakula..."

"Wagdi."

"Nasikia."

"Yule mtu akiondolewa kwa ajili ya samaki wako, naenda kusema mimi. Na sitaanzia kwenye samaki. Nitaanzia Mansura."

Basi akainuka. Alikwenda bustanini, akalitoa bati kibandani, akalikumbatia kama mtoto mwenye homa, akavuka nalo hadi barazani kwa Madamu Shahira, ambako kamati ilikuwa bado inakunywa kahawa. Walimsikia kabla hawajamwona. Brigedia alikohoa, leso ikarudi puani.

"Harufu ni hii," alisema Wagdi, akalitua bati juu ya vigae. "Ni yangu. Imekuwa yangu tangu siku ya kwanza. Hanafi hana hata chembe ya hatia. Chemba nilizisingizia, bomba limepasuka kwa sababu yangu, na mimi si mtu wa Mansura. Mimi ni wa Nabaroh. Tulikuwa na mapipa ishirini na mawili."

Madamu Shahira aliweka kikombe chini kwa uangalifu mkubwa.

"Na mashamba?" aliuliza.

"Hapakuwa na mashamba, Madamu."

"Nilikusifu kwa balozi wa Ureno," alisema, "kwa yale mashamba."

Hakumwambia neno jingine jioni ile. Brigedia ndiye aliyeinama, akainua mfuko wa plastiki kwa ncha ya fimbo yake, akatazama ndani kwa muda mrefu kuliko uchunguzi ulivyohitaji. "Umewaweka bila chumvi ya juu," alisema mwisho, kwa sauti ya mtu aliyekosewa. "Hivyo ndivyo unavyowaharibu." Wagdi akasema kifuniko kilipinda. Brigedia akasema mambo mengi yamepinda hapa, akachukua kofia yake akaenda nyumbani.

Wagdi aliacha ukatibu kwa barua fupi iliyokubaliwa siku hiyo hiyo. Alilipia bomba. Siku ya sikukuu yeye na Ibtihal na binti yao walikaa bustanini, wakala mikizi kwa ndimu na vitunguu vibichi, hadharani, wakinusa upepo kama Wamisri wengine wote, na Fundi Gaber akaja na masharubu yake kuchukua haki yake. Majirani wawili walipita wakasema heri ya sikukuu nyuma ya uzio. Madamu Shahira alipita akaisalimia miti. Hadi leo anaisalimia miti.

Lililomchoma Wagdi zaidi lilikuwa la Hanafi. Alikwenda mwenyewe kwenye kile kijumba cha mbao, akajieleza kutoka mwanzo hadi mwisho, akitarajia, tuseme kweli, shukrani kidogo. Hanafi alimsikiliza bila kuacha pasi.

"Kwa hiyo siku tatu," alisema, "watu wote hawa walipita hapa wakininusa."

"Ndiyo, ndugu yangu. Lakini mimi nika..."

"Na wewe ulianza kuandika."

"Tarehe tu. Na jina."

Hanafi alipindua shati, akalipulizia maji kwa mdomo kama kawaida yake. Kesho yake mashati matano ya Wagdi yalirudi yamekunjwa vizuri sana, na kila moja lilikuwa na mstari mkali kama wembe uliopita katikati ya kifua, kutoka kolani hadi tumboni, mstari ambao hakuna pasi nyingine ingeweza kuutoa.

Ibtihal alimwambia ayapeleke kwa mpiga pasi mwingine. Wagdi alikataa. Alivaa la kwanza Jumapili, siku ya kwanza ya kazi Misri, akateremka stesheni akiwa na ule mstari kifuani, akasimama jukwaani kati ya wanaume wenye mashati laini. Ndani ya treni mfanyakazi mwenzake mmoja alimwuliza kulikoni. Wagdi akamwambia akae, treni ina vituo kumi, akaanza kumsimulia kuanzia kwenye mashamba ya Mansura.