Nikuze Ashika Mlango

Siku Nikuze alipopata kazi ya ubaunsa, hakuwa akiitafuta. Alikuwa ndiyo kwanza ameshusha gunia la maharage karibu na kizuizi cha forodha pale Murongo, jasho likimtiririka mgongoni, alipowaona madereva wawili wa bodaboda wakigombania abiria. Abiria mwenyewe, mwanamke mwenye mtoto mgongoni, alikuwa amebanwa katikati yao hana pa kupita. Mmoja akarusha ngumi. Nikuze hakungoja ya pili. Akamkaba kola yule aliyerusha, akamrudisha nyuma hadi ukuta wa duka la vocha, akamshikilia hapo mpaka hasira zikamwisha.

Placidia, mwenye ukumbi wa muziki ulio juu ya stendi, alikuwa dukani akinunua soda za jumla. Aliangalia yote mpaka mwisho.

"Unafanya kazi gani, binti?"

"Nabeba mizigo, mama."

"Njoo kesho mchana pale ukumbini. Natafuta baunsa wa kike."

Alikuwa na sababu. Wateja wake wa kike walikuwa wamechoka kupekuliwa na wanaume, na baadhi yao walishaacha kuja. Nikuze aliijua habari hiyo kama kila mtu wa Murongo. Usiku ule alilala akiiwaza, na kulipokucha alikuwa ameshaamua. Kubeba magunia hakukumchosha mwili. Kilichomchosha ni kuitwa "wewe mwenye nguvu" na watu ambao hawakuwahi kumuuliza jina.

Kwanza alipanda kwenda kijijini kwao Igurwa kumwambia mama yake, Nyirabageni, maana jambo kama hilo halisemwi kwenye simu. Alimkuta Nyirabageni ameketi nyuma ya nyumba anamenya ndizi, maganda yakirundikana miguuni. Babu zao walivuka kutoka Rwanda zamani, na Nyirabageni alikuwa amezeekea kwenye kibanja kile akilima kwa jembe lake mwenyewe, kahawa chini ya migomba. Siku za wiki alikuwa shambani, Jumapili alikuwa kwenye kwaya.

"Watu watasema binti wa Nyirabageni anakaa kwa walevi," alisema bila kuinua macho.

"Mlangoni, mama. Siyo ndani."

"Mlango na nyumba ni kitu kimoja."

"Basi na anayefungua mlango wa kanisa naye ni mchungaji."

Mama yake hakucheka. Aliendelea kumenya. Nikuze akachukua kisu kingine, akamenya pamoja naye mpaka sufuria likajaa, kisha akaaga. Hakupewa baraka, wala hakuzuiwa.

Mkuu wa mlango kwa Placidia aliitwa Egbert, mtu wa makamo aliyekwisha kufanya kazi hiyo Mwanza na Bukoba, mfupi kuliko Nikuze alivyotarajia, mwenye pengo mbele mdomoni. Alimpokea mchana, ukumbi ukiwa mtupu na viti vimepinduliwa juu ya meza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemkaba yule kijana kola?"

"Ndiyo."

"Ulikosea." Akamsogelea. "Nikabe."

Nikuze akamkaba. Egbert akaonyesha mikono yake mwenyewe, yote miwili, ikining'inia huru. "Unaona? Yako miwili ina kazi. Yangu haina. Ningekuwa na kisu, mama yako angekuwa anatafuta sanda. Usimkabe mtu kola, labda kama umechoka kuishi."

Akamfundisha kusimama: ubavu kidogo kuelekea kwa mtu, si kifua chote, mguu mmoja nyuma, mikono wazi usawa wa kifua kama mtu anayesema taratibu. Mikono ya namna hiyo, alisema, haimtishi mtu, na ngumi ikija inakuwa tayari iko njiani kuipokea. Akamwambia aangalie mikono ya mteja kuliko uso wake, kwa sababu mdomo hutukana tu, mkono ndio unaopiga. Akamkagua hereni, akamwambia azivue na asizivae tena kazini. Akamuuliza kama amekula.

"Bado."

"Kale kwanza. Baunsa mwenye njaa ana hasira za bure."

Siku zilizofuata alimfundisha kupekua. Mkoba anaufungua mwenyewe mwenye mkoba, wewe unaangalia tu. Mwili unapitishiwa mgongo wa mkono, siyo kiganja, na unaomba ruhusa kabla ya kugusa. Kila anayeingia asalimiwe. "Mtu uliyemsalimia mlangoni," Egbert alisema, "huona aibu kukutukana akiwa anatoka. Si wote. Wengi." Akamtembeza hadi mlango wa nyuma, akautikisa kuhakikisha haujafungwa kwa kufuli. Akamkataza kumfuata mtu nje akiwa peke yake, na kunywa chochote kilichofunguliwa na mteja, hata soda.

Nikuze aliyashika yote. Alipoanza kazi, alikamata chupa za waragi, pombe kali ya ng'ambo, zilizovushwa mto wa mpakani na kufichwa kwenye kanga, kisu cha kumenyea ndani ya soksi, na mara moja kuku hai ndani ya begi, ambaye mwenye begi aliapa kuwa ni zawadi ya shangazi. Wanawake walianza kurudi. Walipanga foleni upande wake wakipiga soga naye.

Lakini Jumamosi moja alikuja mwanamke aliyekwisha kulewa alikotoka. Nikuze akamwambia kwa upole kwamba leo hapana, aje siku nyingine. Yule mama akamtazama juu hadi chini.

"Siku hizi wakimbizi ndio wanatupangia pa kuingia?"

Nikuze alizaliwa Igurwa. Amesoma Igurwa, amebatizwa Igurwa. Damu ikampanda, na kabla hajajua anafanya nini alikuwa amemsukuma yule mama akaanguka chali kwenye vumbi.

Egbert hakumfokea. Alimwinua mteja, akamwomba radhi, akamtafutia bodaboda. Kisha akamtoa Nikuze mlangoni na kumpeleka kukusanya glasi.

"Tusi ni mvua," alimwambia baadaye. "Wewe ni bati. Bati halijibizani na mvua."

"Mzee, bati hupiga kelele kuliko mvua yenyewe."

Pengo la Egbert likaonekana, alikuwa anacheka. "Haya. Lakini limewahi kuipiga?"

Nikuze alikusanya glasi mpaka mwezi ukaisha. Aliokota vichungi vya sigara, akafuta meza, akawapisha mabaunsa wenzake waliokuwa wakimtania. Kila mchana alifika mapema, akasimama peke yake mbele ya ukuta, ubavu kidogo, mguu nyuma, mikono wazi, akajitukana mwenyewe kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili na kwa Kinyarwanda, matusi yote anayoyajua, mpaka yakapoteza ladha. Egbert alimkuta akifanya hivyo siku moja. Kesho yake akamrudisha mlangoni.

Ikafika Boxing Day. Sikukuu hiyo Placidia hufungua ukumbi tangu mchana, na watu hutoka mbali: Kaisho, Nyakakika, hata ng'ambo ya mto. Miongoni mwa waliopita mikononi mwa Nikuze alikuwepo msichana aitwaye Kokugonza, msusi wa saluni ya karibu na stendi, aliyekuja na wenzake wa kazini. Alikuwa na macho makavu na maneno mengi. Alimwambia Nikuze kwamba nywele zake zinahitaji kusukwa upya, tena aje Jumatatu.

Jua lilikuwa bado kali nje Nikuze alipomwona tena. Safari hii alikuwa anatoka, na hakuwa akitembea. Rweyemamu, mfanyabiashara wa kahawa aliyekuwa akinunulia vinywaji nusu ya ukumbi, alikuwa amemzungushia mkono kiunoni na kumkokota. Kichwa cha msichana kilianguka huku na huku, na kiatu kimoja hakikuwepo mguuni.

Nikuze akasimama katikati ya mlango.

"Shikamoo, mzee. Huyu dada vipi?"

"Mdogo wangu. Amechoka, nampeleka nyumbani."

"Dada Kokugonza. Unanisikia? Huyu ni nani wako?"

Kokugonza alifumbua macho, midomo ikatikisika, pasitoke neno.

"Anaitwa nani, mzee?" Nikuze aliuliza.

"Si umeshamtaja mwenyewe?"

"Nimetaja jina moja. Mdogo wako utakuwa unayajua yote."

Rweyemamu akatabasamu vile watu wakubwa wanavyowatabasamia watoto. "Pisha njia, binti."

"Atakaa kwanza kwenye kiti hapa, mzee. Wenzake aliokuja nao wakisema wanakujua, nitakusaidia kumbeba mimi mwenyewe."

Nyuma yao watu walianza kugeuka. Nikuze akamwashiria mhudumu aliyekuwa karibu amwambie dijei apunguze muziki na kuwaita waliokuja na Kokugonza wa saluni. Rweyemamu naye akapaza sauti kumwita Placidia.

Placidia alifika kwanza. Alimtazama mteja wake, akamtazama msichana, macho yake yakakwepa.

"Nikuze, mpishe. Huyu ni mtu wetu."

Kodi ya chumba cha Nikuze ilikuwa kwenye kazi hii. Heshima yake kwa mama yake, aliyeambiwa kwamba mlango si nyumba, ilikuwa kwenye kazi hii pia. Lakini miguu yake haikusogea, na aliposema, sauti yake ilitoka chini na imetulia.

"Mama, ukinifukuza nitaondoka. Ila nitaondoka na huyu dada."

Muziki ukashuka. Sauti ya dijei ikaita. Rweyemamu akaona muda unamponyoka. Akamsukuma Nikuze begani, hakuyumba. Akamzaba kibao cha uso. "Mkimbizi mkubwa wewe."

Shavu likawaka moto. Kola ya shati lile jeupe ilikuwa pale pale, karibu kabisa, na vidole vya Nikuze viliijua njia. Mikono ikabaki wazi. Aliipeleka yote miwili, lakini si kwa Rweyemamu. Mmoja aliupitisha nyuma ya mgongo wa Kokugonza, mwingine chini ya magoti, akamwinua kutoka kwenye kwapa la yule mtu kama anayetoa mtoto kwenye tope. Miaka ya magunia ilikuwa ndani ya mikono ile. Rweyemamu alibaki amekumbatia hewa.

Egbert alikuwa ameshafika ubavuni pake, mikono wazi usawa wa kifua. "Mzee Rweyemamu," alisema, "watu wote wanakuangalia."

Wasichana wa saluni wakafika mbio. Mmoja alikuwa na kile kiatu mkononi. "Huyu baba hatumjui," alisema. "Alikuja mezani kwetu na chupa, sisi tukiwa tunacheza."

Nikuze hakusubiri ya mbele. Alipanda bodaboda na Kokugonza katikati, mshikaki mpaka kituo cha afya, msichana yule mwingine akiwafuata kwa pikipiki ya pili. Mganga alimwekea dripu na kusema mwenzao amenyweshwa kitu zaidi ya pombe. Jioni Kokugonza akatapika, akalia, akaomba maji. Alipoweza kukaa, wenzake walimpeleka polisi, na Nikuze akaenda nao kutoa maelezo. Rweyemamu aliitwa kituoni siku iliyofuata. Kesi bado inaendelea, na anayeiuliza Murongo atapewa majibu tofauti kwa kila mtu.

Mchana wa siku iliyofuata Boxing Day, Nikuze alikwenda kazini kama kawaida, shavu limevimba. Placidia alikuwa amekaa juu ya kreti mlangoni.

"Aliondoka na watu wake wote," Placidia alisema. "Meza nzima."

"Nilijua ataondoka."

"Na bado umekuja."

"Hujaniambia nisije, mama."

Placidia aliviringisha kizibo cha soda kati ya vidole vyake kwa muda. "Wale wa saluni wamepita asubuhi. Wanauliza kama mkesha wa mwaka mpya utakuwepo mlangoni. Nikawaambia utakuwepo." Hakusema pole, wala Nikuze hakuitegemea.

"Nitakuwepo," Nikuze alijibu. "Ila jambo moja, mama. Mlangoni, anayesema nani apite ni mzee Egbert na mimi. Hata ukija wewe."

"Unanipa masharti kwangu mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

Egbert, aliyekuwa akifagia ngazi, akaacha kufagia. Placidia akamtazama yeye, akamtazama Nikuze na shavu lake, mwishowe akainuka na kujikung'uta sketi.

"Haya. Ila mkikosea, nawakata mshahara wote wawili."

Simu ya Nikuze ililia kabla hajafunga kamba za viatu. Habari zilikuwa zimefika Igurwa kwa njia ya kwaya, na njiani zilikuwa zimeota mikono na miguu.

"Nimesikia umepigwa," Nyirabageni alisema.

"Kibao tu, mama."

"Ukarudisha?"

"Hapana."

Kuku wakasikika nyuma ya mama yake. "Kazi yenyewe bado siipendi. Usidhani nimebadilika." Akakohoa. "Huyo binti anaitwa nani, nimtaje kwenye maombi?"

"Kokugonza."

"Na huyo mwanamume?"

Nikuze akashika simu kwa bega, akakaza fundo la kiatu. "Rweyemamu."

"Naye nitamtaja," mama yake alisema, "lakini sitaanza naye."

Ilikuwa karibu saa ya kufungua. Mteja wa kwanza alikuwa ameshapanda ngazi, mwanamke mwenye mkoba mkubwa wa ukili. Nikuze akamuaga mama yake, akaenda kusimama mahali pake, ubavu kidogo, na kumsalimia.