Mzigo wa Mikono Miwili

Katika ghala lile la vyombo vya kioo, kila lebo nyekundu ilibeba neno moja kwa lugha nne, Kiingereza, Kifaransa, Kihispania na Kireno: FRAGILE, FRAGILE, FRÁGIL, FRÁGIL. Msimamizi hakuchoka kueleza kwamba hao ni ndugu wa tumbo moja, mama yao Kilatini, na wote wanasema kitu kile kile: nishike taratibu, navunjika. Wachukuzi hawakujali nasaba. Walijua tu kwamba boksi lisilo na lebo hurushwa, na lenye lebo hubebwa na watu wawili, kwa adabu zote. Chini ya lebo mfungashaji huandika mzigo unakokwenda, kisha hutia sahihi. Akishatia, mzigo ni dhamana yake mpaka ufike.

Asubuhi hiyo Tingatinga, mchukuzi wa miraba minne, alijikaza kisabuni akamwambia binti mfungashaji kwamba anataka kumwoa. Binti hakusema ndiyo wala la. Aliandika kitu mezani, akampigapiga mgongoni, akamwambia jibu atalipata kabla ya kazi kwisha.

Basi Tingatinga akawa haoni hasikii. Alibeba boksi moja mara mbili, akalirudisha lilikotoka, huku akitabasamu peke yake kama aliyeokota kitu.

Kisha wenzake wakaanza vituko. Wawili walimshika viwiko wakamshusha ngazi. Mwingine alimfungulia mlango. Saa ya chakula walimkalisha polepole, na mmoja akauliza kama chini kumewekwa magazeti ya kutosha. Walicheka mpaka mbavu zikawauma. Tingatinga akaona hapa pana jambo: bila shaka wamesikia amekataliwa, ndiyo maana wanamdekeza. Akasukuma sahani kando.

Msimamizi alimwonea huruma. Akamgeuza, akambandua lebo nyekundu mgongoni, akamkabidhi.

Chini ya wale ndugu wanne paliandikwa, kwa mwandiko alioujua vizuri: Kwa mama yangu, Jumapili, saa nne. Na sahihi.

Alisoma mara tatu. Furaha ikampanda kichwani, akacheka, akalia kidogo, akaondoka mbio kuelekea meza ya kufungashia, akijikwaa kwenye kila boksi.

Binti hakuinua macho kwenye bilauri aliyokuwa akiiviringishia gazeti.

"Tembea polepole," akamwambia. "Nimeshatia sahihi."