Mapafu Juu ya Jiwe

Pwa. Pwa. Pwa.

Zuura aliisikia sauti hiyo akiwa bado anachochea samadi kavu chini ya sufuria. Ilikuwa sauti ya kitu kibichi kikipigwa juu ya ngozi ya mtu. Ilitoka ndani ya hema la sufu, na kila baada ya pigo alisikika mavyaa wake, Batma, akifukuza: "Hama! Toka kwa mwanangu, ingia humu! Hama!"

Mwana huyo alikuwa Mederbek, mume wa Zuura. Tangu alipojitosa mtoni kuokoa farasi waliochukuliwa na maji ya theluji, kifua chake kililia kama mlango mbovu. Daktari wa bondeni alisema ashushwe hospitali upesi. Batma akasema mwanawe hatashushwa mlima akiwa amelala; wanaoshushwa wamelala ni maiti. Basi akachinjwa kondoo mweusi, yakatolewa mapafu yake yangali moto, na sasa mgonjwa alikuwa akipigwa nayo mgongoni ili ugonjwa uhame, uingie kwenye mapafu ya mnyama. Yakishajaa yangetupiwa mbwa.

Zuura hakuamini hata chembe. Majira ya baridi alikuwa mwalimu wa baiolojia katika shule ya bondeni. Aliwafundisha watoto wa wachungaji kwamba seli hushikana zikawa tishu, tishu zikashikana zikawa ogani, na ogani haiishi peke yake, kama vile kidole hakiendi sokoni bila mtu. Lakini hapa mlimani, kiangazi, hakuwa mwalimu. Alikuwa mke wa mtu, na mke wa mtu hana kauli katika hema la mavyaa wake. Ila moyoni alikuwa ameapa kwamba kukipambazuka atamshusha mumewe, hata kwa kumfunga kamba juu ya tandiko.

Kando ya makaa alichuchumaa Sagin, mdogo wake Mederbek, kijana mwenye mdomo usiojua likizo. Alikuwa amekwisha kuchoma ini, moyo, figo na kipande cha mafuta ya mkia.

"Shemeji, mambo ya ndani hayajaisha," Zuura alimwambia.

"Na njaa yangu nayo haijaisha, Mwalimu. Tumsubiri nani?"

Akaingia hemani na kijiti chake cha nyama. Mlango ulikuwa wazi, Zuura akaona yote. Kwa watu wa milima ile, tonge likishaletwa mdomoni kwa mkono wa mwenzako halikataliwi. Kulikataa ni kumtemea mate usoni. Sagin alipomnyooshea mama yake kipande cha ini, Batma alifungua kinywa, akatafuna, na mikono yake haikuacha kupiga. Mederbek, akiwa amelala kifudifudi, akatiwa mafuta ya mkia katikati ya meno. Moyo Sagin akaula mwenyewe. Kisha akatoka, akamjia Zuura na figo.

"Fungua kinywa. Faida yake unaijua wewe."

"Nina moshi machoni, shemeji. Baadaye."

"Hee! Unaukataa mkono wangu?"

"Mkono ni mzuri. Tatizo haujanawa."

Sagin akacheka mpaka akakaa chini, akaitia figo kinywani mwake. Na humo ndani, mapafu yalikuwa bado yanapiga. Pwa.

Hatimaye Batma alitoka akiyaning'iniza kwa koromeo, akayarusha kwenye jiwe bapa nyuma ya hema. Aktosh, mbwa mkubwa mwenye kifua cheupe, alikuja mbio. Alinusa. Akasimama. Akafyata mkia, akarudi kinyumenyume mpaka walipofungwa farasi, na huko akalala akiwa amegeuza uso.

Batma hakumwona, maana alikwisha kurudi kwa mwanawe. Zuura alimwona. Aliona pia mapafu yakiinuka taratibu juu ya jiwe, kisha yakashuka.

"Upepo," akajiambia kwa sauti. Koromeo lilikuwa limeelekea upande wa upepo.

Kabla jua halijazama Mederbek aliketi, akaomba chai. Kifua chake hakikulia tena.

"Haya, Mwalimu," Batma alisema, macho yamejaa machozi na ushindi, "kaliandike hilo ubaoni kwako."

Zuura akacheka kwa furaha ya kweli, na kwa aibu kidogo. Akamimina chai yenye chumvi na maziwa, akawagawia bakuli. Wakainua mabakuli. Wakanywa. Wakayashusha. Hapo Zuura akaacha kucheka, kwa kuwa mikono mitatu ilikuwa imepanda pamoja, na makoo matatu yamemeza pamoja. Sagin alipokohoa, vifua vya mama na kaka vikaruka.

Asubuhi Sagin alipanda farasi kwenda kuwatafuta farasi majike waliovuka mgongo wa mlima. Zuura alikuwa akimwandalia mumewe mkate na siagi. Kofia ya Sagin ilipopotea nyuma ya mgongo ule, bakuli lilimponyoka Mederbek. Midomo yake ikawa ya buluu. Batma akaanguka juu ya mazulia, uso wake umeiva manjano kama nta.

Zuura akatoka mbio. Juu kwenye mgongo wa mlima farasi alikuwa anarudi mwenyewe, Sagin ananing'inia shingoni mwake kama gunia. Kila hatua ya farasi iliyokaribia ilimrudishia Mederbek rangi.

"Kifua changu kilikuwa kinapiga, shemeji," Sagin alisema aliposhushwa. Mara hii hakuwa na utani. "Kinapiga sana. Lakini hakikuwa na wa kumpigia."

Batma alikaa kitako, akajishika kichwa. "Tumekula kabla sijayatupa mapafu. Kondoo alikuwa bado kazini. Ole wetu! Aliye kazini hagawanywi!"

"Ina maana mimi ndiye moyo?"

"Moyo na figo, kwa ulafi wako! Na mimi mjinga nimekuwa ini lako."

"Mama, afadhali ini. Kaka yangu ni mkia."

Wote watatu walicheka. Walicheka kwa pumzi moja, na wakaishiwa nayo kwa wakati mmoja.

Zuura hakucheka. Alikuwa anahesabu kama afundishavyo darasani, kiungo kwa kazi yake, na hesabu haikutimia. Moyo upo. Ini lipo. Figo zipo. Nani anayepumua?

Akazunguka nyuma ya hema.

Mapafu yalikuwa pale pale juu ya jiwe, na hakuna nzi aliyethubutu kutua juu yake. Yaliinuka. Yakashuka. Hapakuwa na upepo. Kingo zake zilikuwa zimeanza kukauka, nyeusi, ngumu kama ngozi ya kiatu cha zamani, na kila yalipoinuka kingo hizo zilitoa mlio mdogo wa kupasuka. Zuura alipiga magoti. Alitaka kuamini kwamba macho yanamdanganya, basi akafanya kama mtu wa sayansi afanyavyo: akajaribu. Aliweka kiganja juu ya koromeo, akaziba.

Hemani maneno yalikatika katikati.

Aliondoa kiganja haraka, na kutoka ndani akasikia watu watatu wakivuta pumzi kama mtu mmoja aliyeibuka kutoka chini ya maji.

Akakifuta kiganja kilicholowa kwenye gauni. Wanafunzi wake walipenda kumwuliza: mwalimu, seli inajua iko ndani ya nani? Siku zote aliwajibu, haijui. Inafanya kazi yake na haimjui mwenye mwili kwa jina. Walicheka walipoambiwa hivyo, naye alicheka pamoja nao. Sasa aliyatazama mapafu yale, hayana macho wala mwenyewe, yanafanya kazi yake juu ya jiwe kwa uaminifu wa kutisha, na akaona kwamba yangeendelea hivyo mpaka yakauke. Na yakikauka, mume wake amekufa.

Kuyashusha bondeni? Njia ilikuwa ya kutwa nzima juani, na daktari angeambiwa nini? Akayabeba kwa mikono miwili, yakimpumulia mikononi, akayaingiza hemani na kuyalaza kwenye sinia. Tishu hufa kwa ukavu na baridi, hilo alilijua. Akapasha maziwa vuguvugu. Wake wa mlimani hujaza mapafu maziwa wakipika karamu, humimina kooni polepole huku wakikanda kwa kiganja mpaka yafure kama mto wa kulalia. Akamimina, akakanda. Mapafu yakanywa, yakafura, yakawa meupe. Mashavu ya watatu wale yakapata wekundu.

"Alhamdulillahi," walisema wote.

Lakini mwili usiokuwa na damu ni ndoo iliyotoboka. Kabla ya adhuhuri maziwa yalikuwa yanachuruzika sinia nzima, na kingo zikageuka kijivu. Akamimina tena. Yakakaa muda mfupi zaidi. Mederbek alianza kupumua juujuu, kama mbwa juani, na mama yake na mdogo wake pamoja naye.

Batma akasema polepole, "Binti yangu." Hakuwahi kumwita hivyo tangu aolewe. "Mapafu hayakai nje ya mwili."

"Yaingie mwili gani, Mama?"

Wote watatu walimtazama. Walipepesa macho mara moja, pamoja.

Ndipo Mederbek alipong'ang'ana kuinua kichwa. "Usile, Zuura," alisema, na kila neno lilimgharimu. "Panda farasi uende. Shule itafunguliwa. Wewe hukula, wewe ni mzima. Nenda!"

Batma na Sagin walikunja nyuso kwa maumivu, kama mtu anayekatwa kidole chake mwenyewe. Hawakumzuia, maana hawakuwa na pumzi ya kumzuia. Hapo Zuura akajua kwamba ndani ya mnyama yule wa watu watatu bado alikuwamo mumewe, anampenda, na anazama.

Alitoka nje. Farasi alikuwa amefungwa, tandiko liko tayari. Chini kabisa bonde lilionekana, na paa la bati la shule liking'aa. Akila, hatavuka mgongo ule peke yake tena maisha yake yote. Hataingia darasani bila watu watatu nyuma ya mlango. Huenda hata jina lake litamtoka siku moja, afanye kazi yake tu, ainuke, ashuke, asiulize yumo ndani ya nani. Aliogopa, na hakuficha kwamba anaogopa.

Akarudi ndani, akachukua kisu.

Alikata kipande kwenye upande uliokuwa bado mwekundu. Sagin, Batma na Mederbek walilia kwa sauti moja, sauti nyembamba ya kondoo. Zuura hakusimama. Ini lilichomwa na bado liko kazini, moyo vilevile. Basi naye akakichoma kipande chake juu ya makaa, akakitia kinywani kwa mkono wake mwenyewe. Kilikuwa na ladha ya maziwa na moshi. Kiligoma kooni. Akakimeza.

Juu ya sinia mapafu yakashuka, na hayakuinuka. Yakawa nyama tu, nyama ya kawaida iliyochakaa, na nzi wa kwanza akatua. Aktosh akaingia, akayabeba kwa meno na kutoka nayo, mkia wake ukitikisika.

Mwanzoni Zuura hakuhisi kitu. Kisha akasikia joto la ini likimpanda chini ya mbavu, na kifua chake kikaanza kugongwa kutoka nje, kutoka alipokaa Sagin. Alihisi uzito wa miguu ya Mederbek kama miguu yake. Alihisi goti bovu la Batma. Hofu ikamshika, akabana pumzi.

Nyuso tatu zikageuka buluu mbele yake. Hazikumsihi. Zilimngoja tu, kama mkono uliolaliwa unavyongoja damu.

Akaachia. Wote wanne wakavuta hewa, na hema lote likavimba na kusinyaa.

"Mwalimu," Sagin alinong'ona, "usituchezee hivyo tena."

Batma alitambaa mpaka miguuni pa mke wa mwanawe, akashika pindo la gauni lake kama mtoto sokoni. Mwanamke yule aliyekataa mwanawe ashushwe mlimani alikuwa anatetemeka, na Zuura alilisikia tetemeko lile katika mifupa yake mwenyewe.

"Hutachoka?" Batma aliuliza. "Hutatusahau?"

Zuura akamwinua kwa mabega. Akavuta pumzi ndefu, akaona vifua vyote vikijaa.

"Nitapumua, Mama," alisema. "Nikilala nitapumua, nikikukasirikia nitapumua. Lakini kesho ninashuka bondeni shuleni kwangu, na nakuahidi, Mama, hakuna hata mmoja wenu atakayebaki huku juu."