Dirisha la Ofisi

Mwashi alipofika asubuhi alikuta kiraka cha lipu alichokipaka jana juu ya ufa kimepasuka katikati. Ndivyo waashi wanavyouliza ukuta kama umelala au unatembea. Kiraka kikibaki kizima, ufa ni wa zamani, umeshachoka. Kikipasuka, ukuta uko njiani. Huu ulikuwa njiani, na nyuma yake dada yake alikuwa amekaa kwenye kigoda anachemsha chai.

"Dada, ukuta unatembea."

"Na mimi nimekaa. Hatutagongana."

"Unatembea kuja kwako."

"Basi na ukaribie. Wageni wenyewe siku hizi wa kutafuta." Akafunika sufuria. "Chai utakunywa, au umekuja kunihamisha tu?"

Mwashi akatoka. Uani mtambo wa kubomolea ulikuwa tayari unanguruma. Msimamizi wa kazi, waliyemwita Kofia kwa kuwa hakuna aliyewahi kukiona kichwa chake, alikuwa ameegemea tairi.

"Amekubali?" Kofia aliuliza.

"Hajakubali."

"Fundi, mimi sina ugomvi na mama wa watu. Wenzake wote wamehama. Mvua imelowesha msingi, hili jengo si la kungoja. Jua likipanda juu ya paa naingia na vijana, tunambeba kama gunia. Ukitaka atoke kwa miguu yake, hiyo kazi ni yako."

Kubebwa kama gunia. Mwashi alimfahamu dada yake. Angerudi usiku kupitia dirishani, na ukuta ungemkuta humo.

Jengo lile kijiji kizima kililiita Ofisi, ingawa ofisi yenyewe ilikwisha zamani. Lilijengwa na watawa wa monasteri ya kilimani, siku zile mashamba yote hadi mtoni yalipokuwa mali yao. Watawa walikuwa na sala zao. Mambo ya dunia walimwachia mwenzao mmoja, Mtawa Msimamizi, naye alikaa chumba cha kona nyuma ya dirisha la nondo. Mwanakijiji hakuingia ndani. Alisimama uani, na kwa kuwa dirisha liliwekwa juu kwa makusudi, aliinua shingo kama kuku anywaye maji. Unaitwa, unasema shida yako, unajibiwa. Umepewa shamba, umenyang'anywa shamba, mwanao amepata kazi jikoni kwa watawa: yote dirishani. Hata Msimamizi mwenyewe akikukuta njiani akakuambia jambo, hukulishika mpaka alirudie akiwa nyuma ya nondo. Watu wakazoea hivyo. Lisilosemwa dirishani lilikuwa halijasemwa.

Serikali ikachukua mashamba, watawa wakaondoka na kengele yao ndani ya lori. Chama cha wakulima kikaingia, na karani wake akakalia kiti kilekile. Angeweza kufungua mlango, watu wakaingia wakakaa kama binadamu. Hakufungua, na wala hakuna aliyemwomba. Kisha vikaja vita, askari wakalitwaa jengo. Chini ya sakafu kulikuwa na ghala la watawa la viazi na mvinyo. Wakalifanya mahabusu.

Shemeji yake Mwashi, Seremala, alichukuliwa kutoka karakanani penseli ikiwa bado sikioni. Hakuna aliyesema kosa lake. Wake za waliochukuliwa walileta chakula dirishani. Bakuli likirudi tupu, mtu yu hai. Siku mke akiitwa akapewa nguo zilizokunjwa, alijua, akaenda kulia kwake. Ukatili, ndiyo, lakini ulikuwa na utaratibu, na mtu hushika utaratibu akikosa kingine cha kushika. Halafu siku moja askari walikimbia. Dirisha likakutwa limefungwa kwa ndani. Ghala lilikuwa limejazwa kifusi mpaka juu, na wanawake waliobaki uani na mabakuli yao hawakuitwa tena.

Mfungwa mmoja, mkweli wa watu, aliyekuwa ameachiwa mapema, alikuja kwa dada yake Mwashi akamwambia: mumeo alikufa mbele yangu, nilimfumba macho. Dada alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza, "Umetumwa na dirisha?"

Tangu hapo ikawa kumpigia mbuzi gitaa. Jengo lilipogawiwa vyumba kwa watu waliounguliwa nyumba vitani, dada, ambaye nyumba yake haikuungua, alifunga virago akaenda kuomba chumba. Kijiji kikasema amerukwa na akili. Mwashi naye alisema hivyo, tena kwa sauti, na mbele yake. Lakini dada alikuwa na akili timamu. Alikuwa anasubiri kuitwa, basi, na hakutaka aitwe akiwa mbali.

Jua lilikuwa limeshika ukingo wa paa. Kofia alitazama juu, akavaa glavu.

"Ngoja," Mwashi alisema.

Aliingia kwa mlango mkuu, akapita korido iliyojaa chokaa iliyobambuka. Chumba cha kona hakikuwa na mtu tangu ufa uanze. Kiti kilikuwa hakipo tena. Kizingiti cha dirisha, upande wa nje, kilikuwa na mashimo mawili ya viganja vya watu wa enzi zote. Mwashi alikuwa amepita mbele ya dirisha lile maisha yake yote, na hakuwahi kulitazama kutoka ndani. Kutoka ndani, kwa upenyo wa mbao zilizofungwa, uani kulionekana kudogo na watu walionekana wafupi.

Alipiga kitasa nyundo, mbao zikafunguka zikilia.

"Mke wa Seremala!"

Mtambo ulikuwa unanguruma. Akaita tena, kwa ile sauti ya makarani isiyokuwa na haraka wala huruma.

"Mke wa Seremala!"

Mlango wa dada ukafunguka. Alitoka amejifunga kitambaa kichwani, bakuli mkononi, akavuka ua bila kuangalia mtambo wala watu. Akasimama chini ya dirisha, akainua shingo. Macho yao yalikutana. Mwashi alidhani atamtukana.

"Nipo," dada alisema.

"Mumeo amefariki." Alishika nondo. "Amefia humu ndani. Usilete chakula tena."

Dada hakulia. Aliweka bakuli juu ya kizingiti, kwenye shimo la kiganja.

"Nguo zake?"

Hilo Mwashi hakuwa amelifikiria. Alitazama chumba kitupu. Kisha akavua koti lake la kazi, akalikunja vizuri, mikono ndani, akalipitisha kati ya nondo. Dada alilipokea kwa mikono miwili, akalipeleka puani.

"Linanuka chokaa," alisema.

"Ndiyo."

"Yeye alinuka mbao."

"Najua, Dada."

Hakulirudisha. Alilibana kwapani, akaenda chumbani, akatoka na sufuria yake na kifurushi kimoja, akapita lango la Ofisi bila kugeuka. Barabarani ndipo sauti yake iliposikika, kilio kirefu kilichochelewa, na mbwa wa kijiji wakanyamaza.

Kofia alikuja chini ya dirisha. "Umeweza, fundi. Sasa toka. Huo ukuta siwezi kuudhamini."

Mwashi alikuwa amegeuka kutoka alipomsikia mtu akikohoa. Pembeni ya Kofia alisimama mke wa Mhunzi, kizee kilichopinda kama mundu, ameegemea fimbo ili apumue.

"Na mimi niite," alisema.

"Mama, ukuta unaanguka."

"Huo umenisubiri mpaka leo. Utamalizia."

Nyuma yake alikuwa akija mwingine, amefuata kile kilio, na nyuma yake wengine wawili wameshikana mikono. Wote Mwashi aliwajua. Wote aliwahi kuwaona na mabakuli.

Mchanga ulianza kuchuruzika kutoka kwenye ufa, laini, kama unga kwenye chekecho.

"Utakufa humo," Kofia alisema.

"Nikifa, uje uniite dirishani."

"Dirisha lenyewe litakuwa halipo, mjinga wewe."

Kofia alikuna shingo. Kisha akaenda akazima mtambo. Aliporudi alikuwa amevua koti lake, na vijana wake nao walikuwa wanafungua vifungo vya mashati. Akalisukuma lile rundo kati ya nondo. Mwashi akalipokea, akaanza kukunja. Kiganja alichokiegemeza ukutani kilihisi mawe yakisogea ndani, taratibu, kama mtu anayejigeuza kitandani.

"Mke wa Mhunzi," aliita. Vumbi likamwingia mdomoni.

"Nipo," kizee kilijibu, na nyuma yake mstari ukasogea.