Waziri wa Mzee Khatibu

Enzi hizo, Sabasaba ikifika, Kibondo na Kasulu walipambana kwa mpira, kwa kuvuta kamba na, mwisho kabisa, kwa sataranji. Watazamaji wa sataranji walienea kwenye mabenchi mawili.

Mwaka wa sabini na nne, Mwalimu Valeria wa Kibondo alishuka Kasulu kwenye lori la mahindi, vumbi jekundu hadi kwenye kope. Alitaka kitu kimoja tu: kumfunga Mzee Khatibu, mwenye duka la vitenge, aliyemfunga miaka mitatu mfululizo. Barua ya uhamisho ilikuwa imeshafika. Mwezi wa nane angekuwa Songea.

"Umekuja kuaga au kucheza?" mzee alimuuliza akipanga kete.

"Kukufunga, mzee wangu. Kuaga baadaye."

"Mwalimu," Dionis, karani aliyekuwa mwamuzi, akadakia, "hapa hakuna viboko. Utamfunga kwa silaha gani?"

Mzee alifundishwa mchezo na baba yake huko Bagamoyo. Kete ya malkia yeye aliiita waziri, na hakumla waziri wa mtu kimyakimya. Akimtishia, alisema kwanza: "Waziri wako, Mwalimu." Valeria akamwondoa, mchezo ukaendelea. Kanuni za mashindano hazikudai hivyo. Ilikuwa adabu ya barazani kwao.

Alasiri hiyo mzee alisogeza farasi, akanyoosha mkono kuchukua chai. Valeria alitazama mara mbili. Waziri wa mzee alikuwa wazi mbele ya ngome ya Valeria, bila kete ya kumlinda.

Maneno yalimfika mdomoni. Akayameza, akamla waziri.

Mzee aliweka chai chini.

"Hukusema," mzee alisema taratibu.

"Kanuni hazinidai niseme."

"Hazikudai. Kweli kabisa."

Alicheza hatua kumi na moja zaidi bila kunung'unika, kisha akamlaza mfalme wake na kumpa Valeria mkono. "Hongera, Mwalimu. Twende nyumbani, Bi Shamsia ameshapakua."

Walikula pilau. Bi Shamsia, mke wa mzee, alimjazia Valeria sahani mara mbili, akauliza habari za watoto wake, mmoja mmoja kwa jina. Mchezo haukutajwa.

Valeria hakuwahi kuujutia ushindi ule. Aliutafuta miaka mitatu. Songea alikuta wachezaji wakali kuliko mzee, na wengine aliwafunga. Lakini huko, mchezo ukiisha, kila mtu alichukua baiskeli yake akaenda zake.